Sura ya Sita: Siku Saba za Mshahara Gani?

Tuliitwa Ijumaa. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kundi letu la WhatsApp Jumatano jioni, ukitutaka wote, wa Dar es Salaam na wa mikoani, tufike hotelini saa tatu asubuhi tukiwa na magari, tableti na sampuli zote zilizobaki. Wazoefu waliuelewa kabla hawajaumaliza kuusoma. Mkutano wa kupanga mauzo haumtaki mtu arudishe sampuli. Mwenzetu wa Mwanza aliendesha gari siku mbili, akalala Dodoma, akaingia ukumbini macho yakiwa mekundu.

Meneja aliongea dakika kumi na tano. Kampuni imebadili mfumo, dawa zitauzwa kupitia msambazaji, nafasi zetu zimefutwa. Kila mmoja akapewa bahasha yenye barua, jedwali la malipo na karatasi ya kusaini kwamba hadai tena kitu chochote. Mlangoni paliwekwa kikapu cha funguo za magari.

Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha dada wa Mwanza akanyoosha mkono.

"Samahani, bosi. Hapa pameandikwa siku saba kwa kila mwaka niliofanya kazi. Ni siku saba za mshahara gani?"

Ofisa rasilimali watu ndiye aliyejibu. "Mshahara wa msingi, dada. Ndivyo sheria inavyosema."

Wengi wetu hatukuona uzito wa swali lile. Mimi nilikuwa na miaka tisa kazini, nina watoto wawili shuleni na mkopo wa benki, na kichwani nilikuwa nikihesabu tarehe ya ada. Nimekuja kulielewa baadaye, na sura hii nzima ni jaribio la kulijibu kwa ajili ya kila anayefanya kazi hii leo.

Kazi isiyo na duka

Barua za ajira hutuita wawakilishi wa kitabibu. Sisi wenyewe tunaitana marepu. Kazi ya repu ni kumfikia daktari, kumweleza dawa ya kampuni yake inafanya nini, inatofautiana vipi na ya jirani, ina madhara gani, kisha kumwomba aikumbuke anapoandika cheti. Daktari hanunui kitu kwako. Anayenunua ni mgonjwa, dirishani kwa mfamasia, akiwa hajui hata kama wewe upo duniani.

Siku yetu huliwa na kungoja. Unakaa kwenye benchi la wagonjwa kuanzia saa nne, unawaacha wapite, mpaka nesi akuonee huruma saa nane. Ukiingia una dakika mbili, tatu ukibahatika. "Shikamoo, daktari, leo sitakuchosha." Ukishatoka unaandika kwenye tableti umemwona nani na mmezungumza nini, maana ofisini idadi ya madaktari uliowaona kwa siku inahesabiwa kama mayai. Jioni unapita kwenye maduka ya dawa kuuliza mzigo unatembeaje. Usiku unajaza ripoti.

Je, huko ni kuuza? Swali hilo lilifika mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Marepu wawili wa zamani waliidai kampuni ya SmithKline Beecham malipo ya saa za ziada. Hoja yao ilikuwa kwamba wao hawauzi chochote: daktari huwaahidi tu kwamba ataiandika dawa inapofaa, na ahadi hiyo haimfungi. Juni 2012, katika kesi ya Christopher dhidi ya SmithKline Beecham, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba repu ni muuzaji wa nje ya ofisi, na kwa hiyo sheria ya saa za ziada haimhusu.

Naitaja kesi hiyo kwa sababu inaonyesha mahali penyewe tunapoumia. Kazi ya repu ni kujenga kuaminiana na mtu mmoja mmoja kwa miaka. Kuaminiana huko hakuna stakabadhi. Mauzo yakipanda, kampuni husema dawa yetu ni nzuri. Yakishuka, husema repu ni mbovu. Na siku ya kuachana, hakuna safu kwenye jedwali la malipo inayoonyesha madaktari wangapi walikuwa wakikufungulia mlango.

Ajira iliyofungwa kwenye dawa moja

Repu anaweza kufikia malengo kila robo mwaka na bado akaondoka, kwa sababu kinachoamua ajira yake mara nyingi kiko mbali na eneo lake.

Kamba ya kwanza ni hataza, yaani haki ya mgunduzi kuitengeneza dawa peke yake kwa muda uliowekwa. Hataza ikiisha, viwanda vingine huingia na dawa ileile kwa bei ya chini mno, na hapo hakuna tena faida ya kumlipa mtu mshahara na gari ili akamkumbushe daktari jina la biashara. Lipitor, dawa ya kolesteroli ya Pfizer, ilikuwa dawa iliyouzwa kuliko zote duniani. Kila mtu kwenye tasnia alijua kwamba ulinzi wake ungeisha, na Marekani uliisha 30 Novemba 2011. Pfizer iliweka matumaini kwenye dawa mpya, torcetrapib. Mwishoni mwa Novemba 2006 ilitangaza kupunguza asilimia 20 ya wauzaji wake nchini Marekani, zaidi ya watu 2,000. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, ikasimamisha majaribio ya torcetrapib baada ya vifo kuzidi miongoni mwa waliokuwa wakiitumia. Januari 2007 ikatangaza kwamba ajira 10,000 zitafutwa duniani kote. Waliopoteza kazi hawakuwa wamekosea hata ziara moja.

Kamba ya pili ni kuungana kwa kampuni. Mwaka 2009 Pfizer iliinunua Wyeth, na Merck ikaungana na Schering-Plough. Kampuni mbili zikiwa moja, daktari mmoja hahitaji marepu wawili.

Kamba ya tatu ndiyo inayotukaba zaidi huku kwetu Afrika: kampuni kubwa hufunga ofisi na kumwachia msambazaji biashara. Agosti 2023 tawi la GlaxoSmithKline nchini Nigeria, lililoanza shughuli mwaka 1972, lilitangaza kwamba linafunga shughuli na dawa zitafika sokoni kupitia wasambazaji. Dawa inabaki nchini. Mgonjwa haoni tofauti rafuni. Anayetoweka ni aliyekuwa akiibeba.

Hapa Tanzania kuna pia kamba za nyumbani. Hospitali za serikali hupata sehemu kubwa ya dawa kupitia Bohari ya Dawa, ambako zabuni hutazama jina la kitaalamu na bei, si sura ya repu. Soko letu hasa ni hospitali na maduka binafsi, na hayo nayo yanategemea sana bima. Kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko huo kwa sababu ya bei mpya. Repu aliyekuwa na hospitali hizo kwenye mzunguko wake hakuwa na la kufanya, ila malengo yake ya robo mwaka hayakupunguzwa.

Hesabu ya yule dada

Sasa turudi kwenye swali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 42, inampa kiinua mgongo mfanyakazi aliyeachishwa baada ya kutimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo. Kiwango ni siku zisizopungua saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, na ukomo ni miaka kumi. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati, wala aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa.

Chukua mfano wa repu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,300,000. Juu yake ana posho za nyumba, chakula, usafiri na simu zinazofika 800,000, na bonasi ya mauzo ambayo kwa wastani humpa 700,000 kwa mwezi. Maisha yake yamejengwa juu ya 2,800,000: kodi ya nyumba, ada, marejesho ya benki, na fedha anayowatumia wazazi kijijini. Tuseme mwezi una siku 26 za kazi. Siku moja ya msingi ni shilingi 50,000. Miaka tisa mara siku saba ni siku 63. Jumla ni 3,150,000.

Miaka tisa imelipwa kwa fedha inayozidi kidogo matumizi ya mwezi mmoja. Mwenzake aliyekaa miaka 14 atahesabiwa kumi tu, apate 3,500,000. Miaka yake minne ya mwisho, alipokuwa mzoefu kuliko wote na akiwafundisha wageni, haina hata senti kwenye kiinua mgongo.

Hiyo ndiyo maana ya swali la dada wa Mwanza. Kazi yetu hulipwa zaidi kwa posho na bonasi, na tulizifurahia kila mwisho wa mwezi. Kumbe kila posho iliyoongezwa badala ya mshahara wa msingi ilikuwa ikiupunguza uzito wa siku ya kuondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilipotea tukiwa na daftari mkononi, kwa sababu tulisoma mstari wa mwisho peke yake.

Mipaka ya nchi nayo hubadili thamani ya miaka ileile. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka siku zisizopungua 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilika, na haikuweka ukomo wa miaka. Miaka tisa Nairobi ni siku 135. Mwajiri anatakiwa pia kumpa taarifa mfanyakazi na ofisa wa kazi mwezi mmoja kabla, na anapochagua wa kuondoka azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Katika kesi ya Kenya Airways, iliyotokana na kupunguzwa kwa wafanyakazi 447 mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ya Kenya ililizungumzia mwaka 2014 suala la mashauriano, na tangu hapo mahakama za nchi hiyo zimekuwa zikiwauliza waajiri: mlizungumza na watu kabla ya kuwapa barua?

Marekani, ambako kampuni nyingi za dawa zina makao makuu, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kulipa kiinua mgongo hata kidogo. Sheria ya mwaka 1988 inamtaka tu mwajiri mkubwa atoe notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu wengi. Mabadiliko yameletwa na jimbo la New Jersey, nyumbani kwa Merck na Johnson & Johnson, na hayakuanzia kwenye dawa. Yalianzia kwenye midoli. Toys "R" Us, kampuni ya jimbo hilo, ilipofilisika na kufunga maduka yake mwaka 2018, zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliondoka bila kiinua mgongo. Waliandamana, wakaenda mpaka kwa wawekezaji waliokuwa wakiimiliki kampuni, na wabunge wa jimbo wakawasikia. Sheria ilisainiwa mwaka 2020 na ikaanza kutumika 10 Aprili 2023. Mwajiri mwenye watu 100 au zaidi akiwaondoa 50 au zaidi, lazima atoe notisi ya siku 90 na amlipe kila mmoja mshahara wa wiki kwa kila mwaka kamili wa utumishi.

Na mshahara gani? Sheria ya New Jersey inalijibu swali la dada wa Mwanza: ama wastani wa kiwango cha malipo cha miaka mitatu ya mwisho, ama kiwango cha mwisho, kile kilicho kikubwa zaidi. Tena mfanyakazi hawezi kuisamehe haki hiyo kwa kusaini karatasi, mpaka serikali ya jimbo au mahakama iridhie. Wauza midoli waliopigania jambo hilo wamemwachia ulinzi repu wa dawa ambaye hawakuwahi kumwona.

Karatasi ya kusaini

Nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tulipotea.

Sheria yetu ya Tanzania si dhaifu kama jedwali la bahasha lilivyotuaminisha. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi, atoe maelezo yote yanayohusika, kisha ashauriane nao kabla ya kuamua. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuwachagua wa kuondoka, muda wa utekelezaji, na kiinua mgongo chenyewe. Soma tena hilo la mwisho. Siku saba ni sakafu. Sheria inategemea watu wakae mezani wazungumze ni ngapi juu ya sakafu hiyo. Kikao cha dakika kumi na tano chenye kikapu cha funguo mlangoni si mashauriano.

Zaidi ya kiinua mgongo, yapo malipo mengine ambayo hayafutwi nacho: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambazo hukwenda, na malipo ya notisi ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Ipo nauli na gharama ya kusafirisha mizigo hadi ulikoajiriwa, kama ajira imekomea mahali pengine. Kipo na cheti cha utumishi. Bonasi ya robo mwaka iliyokwisha kupatikana nayo idaiwe, ikiwa mkataba au kanuni za bonasi zinaitambua.

Anayeona ameonewa anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mlango huo haukai wazi muda mrefu. Shauri la kuachishwa isivyo halali linatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30. Siku hizo hukimbia. Wiki ya kwanza unalala. Ya pili unawaeleza ndugu. Ya tatu unatuma maombi ya kazi. Ukija kuzinduka, mwezi umekatika.

Marekani, mtu wa miaka 40 na kuendelea anayetakiwa kusaini karatasi ya kutodai ubaguzi wa umri katika punguzo la kundi hupewa siku 45 za kuitafakari, na akishasaini ana siku saba za kujirudi. Waliotunga sheria hiyo walijua mkono wa mtu aliyepigwa na habari mbaya haufai kushika kalamu. Wewe huhitaji sheria ya Marekani ikupe usiku mmoja. Ikunje karatasi, sema kwa adabu, "Nitaisoma nyumbani," uondoke nayo. Wapigie wenzako. Tafuta wakili au mtu wa chama cha wafanyakazi. TUICO hupokea watu wa viwanda na biashara, na repu ni mtu wa biashara, ingawa wachache miongoni mwetu tumewahi kujiunga. Kila mmoja wetu ana gari lake, eneo lake, malengo yake. Tunakutana mara chache kwa mwaka, tena kushindana. Mwajiri hahitaji kututenganisha, kazi yenyewe imeshafanya hivyo.

Na wewe ambaye bado una funguo mfukoni, anza leo. Tafuta mkataba wako uone mshahara wa msingi ni sehemu gani ya unachopokea. Nyongeza ya mwaka ikija, omba iingie kwenye msingi kabla ya posho. Ukihamishiwa kwa msambazaji au wakala wa ajira, uliza kwa maandishi kama miaka yako inahama nawe au inaanza sifuri, maana sheria inahesabu utumishi mfululizo kwa mwajiri anayekuachisha. Ukipewa mkataba wa muda maalumu, jua kwamba muda ukiisha kihalali hakuna kiinua mgongo. Hifadhi hati za mshahara na barua za bonasi nje ya tableti ya kampuni, kwa sababu tableti itaingia kwenye kikapu pamoja na funguo.

Fuso la Mwanza

Mimi nilisaini palepale. Nilitaka ile fedha iingie kabla ya ada, na niliona aibu kuonekana mbishi mbele ya watu niliokula nao kwa miaka tisa. Nilirudi nyumbani kwa daladala, mkoba magotini, nikishuka kituo kimoja kabla ili majirani wasiulize gari liko wapi.

Dada wa Mwanza hakusaini. Jedwali lake halikuwa na gharama ya kuhamisha mizigo, na alipouliza aliambiwa ameajiriwa Dar es Salaam na ameachishiwa Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna safari ya kulipia. Barua amekabidhiwa hotelini, Dar es Salaam. Alijibu kwamba kituo chake cha kazi ni Mwanza, kitanda chake kiko Mwanza na watoto wake wanasoma Mwanza, na kwamba hotelini aliitwa. Akapanda basi akarudi. Siku ya kumi na tisa alifungua shauri.

Lilimalizikia kwenye usuluhishi. Siku saba zikawa kumi na nne kwa kila mwaka, na usafiri ukalipwa. Aliyeshughulikia upande wa kampuni alikubali haraka kuliko tulivyotarajia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: fedha ilikuwepo, ikimngoja wa kuiuliza.

Alinipigia simu asubuhi ya kuhama. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakivuta kabati na mtoto akigombana na mwenzake juu ya ndoo.

"Nimekaa juu ya godoro hapa barazani, dada yangu," alisema. "Nasubiri Fuso."

"Umelipa shilingi ngapi?"

"Sijalipa mimi. Wamelipa wao."